Kazi ya Kupiga Ukuta

Kwa miaka yote ya ujana wangu niliishi kwa kucheza skwoshi, na kwa miaka hiyo yote mama yangu aliamini kwamba nauza juisi. Simlaumu. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya Bariadi yakaanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa wasafiri tu, kimojawapo kilikuwa chupa ya skwashi, ile juisi nzito ya machungwa unayoizimua kwa maji. Wageni wakiuliza habari zangu, mama alijibu kwa fahari: "Mwanangu yuko kwenye skwashi." Wageni waliitikia kwa heshima, kisha wakaanza kuchungulia mkoba wangu kuona kama nimekuja na chupa. Sikuja nayo hata siku moja, na nadhani hilo lilinishushia hadhi kijijini kuliko kushindwa kwangu kokote uwanjani.

Na kushindwa kulikuwa kwingi. Nimetolewa Nairobi, nimetolewa Kampala, nimetolewa Harare na mtu aliyecheza na bandeji gotini. Safari moja nilipanda ndege mpaka Ulaya, nikatolewa kwenye mashindano kabla sanduku langu halijawasili. Gazeti liliwahi kuandika habari yangu, likakosea jina, na kwa kuwa ilikuwa habari ya kufungwa, sikuomba masahihisho. Riziki yangu hasa ilitoka kwenye kufundisha: wake za mameneja wa benki niliwafundisha kushika raketi bila kuvunja kucha, na waume zao niliwafundisha kufungwa na wake zao bila kununa. Hili la pili lilihitaji miezi mingi zaidi.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu wawili wanajifungia kwenye chumba cha kuta nne, kila mmoja na raketi yake, wanapokezana kupiga kimpira cheusi cha raba kwenye ukuta wa mbele. Kikidunda chini mara mbili kabla hujakifikia, umepoteza. Watazamaji hukaa juu kwa nyuma, kwenye roshani, wakiinamia chini kama watu waliodondosha ndoo kisimani. Nilipomweleza baba yangu kwa mara ya kwanza, aliuliza ukuta umekosa nini.

Swali hilo ni zuri. Nimelipeleka nchi kadhaa na sijalipatia jibu.

Nilizaliwa Shishiyu, kwenye nyumba ya pamba na ng'ombe, nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumfanya mtu yeyote aniite popote. Nikaenda Bariadi kutafuta kibarua. Wakati huo biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Zamani ulikuwa unauza kwa chama cha ushirika na unasubiri. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na magari yao, na kampuni moja ilikuwa imefungua kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji. Nikapata kazi ya kupanga marobota ghalani.

Meneja wa kiwanda alikuwa Mhindi aliyekulia Nairobi, mtu mwembamba, mpole, asiyekunywa pombe wala kupenda mpira wa miguu. Kwa Bariadi ya siku hizo mtu wa namna hiyo jioni zake zilikuwa ndefu mno. Mwaka wa pili akawaita mafundi, wakakata pembe moja ya ghala, wakajenga kuta nne nyeupe na sakafu ya mbao, na mlango mdogo kwa nyuma. Sisi vibarua tulikubaliana kwamba ni mahabusu ya wezi wa pamba. Wengine waliacha kabisa kujaza pamba kwenye mito yao. Kwa hiyo siku meneja aliponiita na kuniamuru niingie humo, nilianza kujitetea kabla hajasema kitu.

Akanipa raketi. "Simama hapo, mimi napiga, wewe unarudisha."

Nilichaguliwa kwa sababu moja tu: mhasibu alikuwa na kiuno kibovu na fundi mkuu alikuwa amekataa. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaa miaka mingi ukirusha fimbo ndogo kurudisha ng'ombe waliokuwa wanaingia kwenye shamba la watu, na ng'ombe akishaona mtama hakupi nafasi ya kufikiri. Ukuta ulikuwa mpole zaidi. Ndani ya wiki chache nilikuwa narudisha kila kitu.

Tatizo langu lilikuwa adabu. Kwetu hupiti mbele ya mtu mzima kama unapita mbele ya mti. Unainama, unaomba njia, unapita taratibu. Na skwoshi yote ni kupita mbele ya mtu. Kila mpira ulipokwenda upande wa pili, mimi niliinama nusu, nikasema "samahani, bosi", nikapita, na nilipofika mpira ulikuwa umeshadunda mara tatu na kulala. Meneja alidhani naumwa mgongo. Alipoelewa, alinikalisha chini akaniambia kwamba humu ndani hakuna mkubwa. Nilimkubalia kwa mdomo. Kiuno changu kilichukua muda mrefu zaidi kukubali, na mpaka naacha mchezo, nikipangiwa na mtu mwenye mvi, nilikuwa naanza nikiwa nyuma.

Meneja akaanza kunichukua Mwanza, kwenye klabu ya watu wenye magari. Nilicheza na raba za mtumba, mguu wa kulia ukiwa umepwaya, na nikawafunga wachache, nao wakasema ni joto. Baadaye akawapigia simu watu wake wa Nairobi. Klabu moja huko ilikuwa inatafuta mchezaji wa kulipwa: acheze mashindano kwa jina la klabu, na siku nyingine afundishe wanachama. Wakasema nije.

Hapo ndipo nilipotakiwa kwenda nyumbani kuomba ruhusa, na hapo ndipo hadithi yangu ilipokaribia kuisha mapema.

Kaka zangu walikuwa wameshahamia Geita kufuata dhahabu. Ng'ombe na mashamba vilikuwa vinanisubiri mimi. Ningeweza kutoroka, vijana wengi walitoroka, lakini mimi nilikuwa mwoga wa jambo moja: kusafiri wakati mdomo wa baba umefungwa. Kwetu mtu aliyeondoka hivyo, chochote kikimpata, hata malaria, watu wanajua kimetoka wapi. Zaidi ya hapo, na hili nalisema wazi, nilimpenda baba na nilitaka aniambie nenda. Sikutaka kwenda Nairobi nikiwa mtu aliyetoroka. Nilitaka kutumwa.

"Mwadila, baba," nikamwamkia, jioni, amekaa anatazama ng'ombe wanaingia zizini.

"Mwadila, ng'wana wane," akaitikia, yaani mwanangu. "Habari ya skwashi?"

Nikaeleza upya. Kuta nne, mpira, raketi. Nikamwambia Nairobi wameniita, watanilipa mshahara.

"Wakulipe kwa kucheza."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimecheza miaka mingi. Sikuwahi kuita kazi." Akafikiri. "Nitakuja kuona mwenyewe. Kama ni kazi, utakwenda. Kama ni mchezo, utarudi hapa ushike jembe la ng'ombe. Michezo tunayo hapa hapa."

Inabidi nieleze alichocheza baba. Alikuwa manju wa ngoma, kiongozi wa kundi, na jina lake lilifika mpaka Mkula. Baada ya mavuno, kwetu makundi mawili ya ngoma hushindana kwenye uwanja mmoja, saa ileile, kila moja upande wake. Hakuna refa na hakuna alama. Watazamaji wanatembea. Upande huu ukinoga wanajazana huku, ule ukinoga zaidi wanahamia kule, na mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Kwa hiyo manju anahitaji nyimbo, vituko, na dawa ya mvuto ya kuwavuta watu na kuwashikilia. Baba alivuta watu kwa miaka mingi, mpaka msimu mmoja mpinzani wake akaja na chatu mzima shingoni. Watu walihama wote, mama akiwemo. Jioni hiyo baba aliweka ngoma chini na hakuishika tena.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anakuja kunipima.

Meneja akaandaa mechi ya kuniaga: mimi na kijana wa ile klabu ya Mwanza, mtoto wa daktari, mwenye viatu vyeupe vilivyomtosha miguu yote miwili. Anayetangulia kushinda seti tatu ndiye mshindi, na mhasibu ndiye refa. Baba alifika na lori. Ilikuwa msimu wa kuuza, kwa hiyo majirani wa Shishiyu walikodi lori pamoja, wakapakia magunia yao ya pamba, wakajipakia wenyewe juu yake. Lori likapanga foleni kwenye mizani ya kiwanda, na watu wote wakaja kwenye ghala.

Baba akakagua chumba kile kwa macho ya mtaalamu. "Upande wako ni upi?"

"Hakuna pande, baba. Tunachangia chumba kimoja."

"Mnachangia uwanja na mpinzani?" Akamtazama meneja kwa huruma, kama mtu aliyedanganywa na mafundi. "Sasa watu wako wasimame wapi?"

Nikamwonyesha roshani ya mbao juu ya mlango. Akawakusanya watu wa Shishiyu, akawapa maelekezo kwa Kisukuma, na kwa haraka zangu sikuyasikiliza vizuri. Kisha akaniita pembeni akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho mama alikuwa amekituma. Kukataa maziwa ya mama mbele ya baba hakuwezekani. Nikanywa. Akasema mama amesema nimalize. Nikamaliza. Halafu akachukua raketi yangu, akafunua kikaratasi, akapaka mpini wake samli iliyochanganywa na dawa, ile ile ya mvuto, akinuia taratibu.

Sasa mpira ulipoanza, maelekezo ya baba nikayaelewa. Alikuwa amewaambia watu wanifuate. Nilipokwenda kushoto, roshani nzima ilikimbilia kushoto. Nilipokwenda kulia, miguu yote ikarudi kulia, na mbao zikalia. Meneja, aliyekuwa amekaa katikati yao, alikuwa anapita kushoto na kulia bila kutembea. Mhasibu akaomba utulivu. Watu wakamshangilia.

Kisha mpini wenye samli ukaniteleza. Raketi ilitoka mkononi, ikapita juu ya kichwa cha mtoto wa daktari, ikagonga ukuta, na roshani ikalipuka kwa furaha ambayo sijapata kuisikia tena katika maisha yangu ya michezo. Kina mama walipiga vigelegele. Baba alitingisha kichwa polepole kwa kuridhika. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na kazi yake haikuwa kunipa alama. Nikapoteza seti ya kwanza hivyo hivyo, raketi ikinitoka kila mara, na kwa hesabu ya baba nilikuwa naongoza vibaya mno.

Nikafuta mpini kwenye kaptula kwa siri, nikashinda ya pili. Ya tatu nikaipoteza. Maziwa yalikuwa yameanza kuzungumza. Kila nilipoinua kichwa chumba kilizunguka, kwa hiyo niliamua kutazama chini tu, mpira na miguu yangu, na kuomba Mungu nisitapike mbele ya kijiji.

Tukiwa kwenye seti ya nne, kipaza sauti kikasikika barabarani. Pikapu lilikuwa linapita likitangaza kwamba mnunuzi mpya ameingia, gari liko uwanja wa mnada, bei yake inaizidi ya kiwanda, fedha taslimu papo hapo, aliye na pamba aje. Nilisikia vishindo juu. Nilidhani wananifuata kushoto. Nikaenda kulia, vishindo havikurudi. Sikuwa na nguvu ya kujiuliza.

Mtoto wa daktari ndiye aliyeinua kichwa. Alitazama juu kuona watu wamekwenda wapi, na mpira ukampita. Akatazama tena kwenye mpira uliofuata, ukampita nao. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi akiyakosa anakuwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikashinda ya nne. Ya tano tulihesabu alama wenyewe kwa sababu mhasibu hakuwa anajibu, na nadhani tulihesabu kwa haki, maana yeye alikuwa ameshakata tamaa na mimi sikuweza kuongea. Mpira wa mwisho ulilala kwenye kona. Nikamshika mkono, akatoka haraka kwenda kuona kuna nini nje.

Nikasubiri makofi. Ndipo nilipoinua kichwa.

Roshani ilikuwa tupu. Watu wote wa Shishiyu walikuwa wamekimbilia lori, wakashusha magunia na kuyapeleka mnadani kwa mikokoteni. Meneja na mhasibu walikuwa wamewakimbilia kuwabembeleza wabaki. Ushindi mkubwa kuliko wote niliowahi kuupata, dhidi ya mchezaji bora kuliko wote niliowahi kuwafunga, haukuonwa na mtu, isipokuwa mzee mmoja aliyekaa peke yake katikati ya benchi, kofia mkononi.

Baba alishuka ngazi taratibu, akaingia kwenye chumba, akanisogelea. "Pole," akasema, kwa sauti ya msibani.

"Nimeshinda, baba. Seti tatu kwa mbili."

"Watu wako wapi?"

Nikaitazama tena roshani.

"Umeshindwa, ng'wana wane. Waliondoka wote, nimewaona. Hata yule mwenye kiwanda." Akapapasa ukuta kwa kiganja, pale penye alama nyeusi za mpira. "Mimi waliponiondokea niliweka ngoma chini palepale. Sikuweza kupiga tena hata mara moja. Ngoma bila watu haipo. Wewe wameondoka, na hukutazama hata juu. Umeendelea tu."

Nilitaka kumweleza kuhusu maziwa. Nilitaka kusema kwamba shingo yangu haikuwa na ushujaa wowote, ilikuwa inazuia matapishi. Nikafungua mdomo, na kwa usalama wa sakafu ya mbao nikaufunga.

"Mchezo, watu wakiondoka, unakwisha," baba akasema. "Kulima hakuna anayekuja kukutazama, na unalima. Kuchunga vilevile. Kumbe hii ni kazi." Akanirudishia raketi iliyokuwa imeanguka chini. "Basi nenda."

Alilisema kwa urahisi hivyo, kama anayenituma dukani. Nikainama kumshukuru. "Wabeja, baba," nikasema. Akaniambia nivae shati, nitapata baridi.

Tulipotoka nje jua lilikuwa linazama na yule mnunuzi alikuwa ameshafunga mizani na kuondoka. Majirani walikuwa wamerudi kwenye lori, wachangamfu, wanakunja magunia matupu na kutaniana kuhusu bei. Nyuma kabisa ya lori, peke yake, palikuwa na magunia ya baba, yamejaa na kufungwa vilevile yalivyotoka Shishiyu. Nikamtazama. Hakuonekana kushangaa. Alikuwa ameyasikia matangazo yote, masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu.

Jirani yetu mmoja akamwita kutoka juu ya lori. "Mzee, tumekutafuta sana. Ulikuwa wapi wewe, wenzako tunauza?"

"Nilikuwa kazini kwa mtoto," baba akasema, akaanza kupanda.

Nikageuka nikajifanya najifuta jasho la mechi, na wakati huo jasho lilikuwa limeshakauka.